Undugu ni Kufaana: Habari za Jozi Mbili za Watu katika Mto Ruvuma

Neno ndugu katika Kiswahili ni neno lenye nafasi kubwa. Ndugu ni yule mliyelala tumbo moja, yaani ndugu wa toka nitoke. Ndugu ni mtoto wa baba yako kwa mama mwingine. Ndugu ni mliyenyonya naye ziwa moja. Ndugu ni yule ambaye watu wa zamani walichanjiana naye damu, wakala yamini ya kutotupana. Hata mtu usiyemjua jina, ukikutana naye njiani na jua linazama, waweza kumwita ndugu naye akaitika. Lakini wahenga walipotaka kuamua ni yupi kati ya hao aliye ndugu hasa, hawakutaja tumbo, wala ziwa, wala damu. Walisema undugu ni kufaana, si kufanana.

Methali hii twaitaja arusini na matangani, nayo kwa kutajwa sana imekuwa kama sarafu iliyosuguliwa hata chapa yake haionekani tena. Makusudi ya insha hii ni kuipima kwa mizani ya mambo yaliyotukia. Nitaeleza habari za jozi mbili za watu waliofika katika pwani ya Ruvuma kati ya mwaka 1861 na 1866. Jozi ya kwanza ilikuwa ya ndugu wa baba mmoja na mama mmoja: David na Charles Livingstone. Jozi ya pili ilikuwa ya watu wasiokuwa na asili moja, wala lugha moja ya mama, wala dini moja: Abdullah Susi na James Chuma.

Nilisukumwa kuandika na swali la mwanafunzi wangu mmoja, mwenyeji wa Mikindani. Aliniuliza darasani kwa nini vitabu huwaita Susi na Chuma watumishi waaminifu, wala haviwaiti viongozi. Siku ile sikuwa na jibu la kutosha, nami sikupenda kumlaghai kwa jibu la haraka. Haya yafuatayo ndiyo jibu langu.

Yafaa kwanza msomaji apafahamu mahali penyewe. Mtwara kama mji wa bandari si wa kale. Ulikua baada ya mwaka 1947, ulipoanzishwa ule mpango mkubwa wa kulima karanga katika nchi ya kusini. Mji wa kale ni Mikindani, uliokaa juu ya ghuba yake kwa karne nyingi, ukipokea majahazi na misafara. Kusini yake, baada ya Msimbati na Ghuba ya Mnazi, ndipo Ruvuma hujimwaga baharini kwa mlango mpana wenye fungu la mchanga, na kandokando yake mikoko imeshonana juu ya matope. Ni mto unaomdanganya mgeni: mdomoni ni mpana kama mto wa kubeba meli, lakini ndani, wakati wa kiangazi, maji hupungua na mchanga hutokeza mgongo.

Udanganyifu huo ndio uliowaita akina Livingstone. Serikali ya Uingereza ilikuwa imempa David, mwaka 1858, uongozi wa safari ya kuchunguza mto Zambezi. Lakini mlango wa Zambezi ulikuwa mikononi mwa Wareno, naye alitamani njia nyingine ya kufikia ziwa Nyasa isiyopita kwao. Basi mwezi wa Februari 1861 meli yao, Pioneer, ilifika katika mlango wa Ruvuma. Walipanda mto kiasi cha maili 30, kisha maji yakaanza kushuka, wakarudi upesi kwa hofu ya kukwama hata masika mengine. Mwezi wa Septemba 1862 walijaribu tena, mara hii kwa mashua. Katika mashua hizo walikuwamo David, mdogo wake Charles, na daktari John Kirk. Walishindana na mchanga na jua, wakashambuliwa kwa mishale na bunduki na baadhi ya watu wa kandokando, nao wakajibu kwa risasi, na watu wakafa. Walipokwisha kwenda maili 156 kwa mikunjo ya mto, walikuta miamba imeuziba, wakageuza.

Safari hiyo ya pili ilikuwa ya huzuni. Miezi michache kabla yake, mwezi wa Aprili 1862, Mary, mkewe David, alikuwa amekufa kwa homa huko Shupanga, ukingoni mwa Zambezi. David aliukabili mto kama mtu asiyejali kurudi. Kirk, aliyekuwa mtu wa makini na mwenye kupima maneno yake, aliandika katika shajara yake ya siku zile kwamba aitilia shaka akili ya mkuu wake. Tujiulize: mtu anapofika hapo, ni nani awezaye kumshika mkono na kumwambia basi? Aghalabu ni ndugu yake. Naye ndugu yake alikuwa karibu mno, katika mto ule ule. Lakini neno lake lilikuwa limekwisha kupoteza uzito.

Ili tuelewe sababu, yatupasa kurudi nyuma. David alizaliwa mwaka 1813 katika mji wa Blantyre, Scotland, na Charles mwaka 1821. Baba yao alikuwa mchuuzi wa chai, na David alifanya kazi katika kinu cha pamba tangu utoto. Charles alipotaka kwenda kusoma Marekani, David, ambaye hakuwa na mali, alimpelekea paundi 5 za kumsaidia. Huo ulikuwa wema wa kaka kwa mdogo wake, wala hauna lawama. Wote wawili walisoma, wote wawili wakawekewa mikono ya uchungaji. Wakatengana miaka mingi, mmoja Afrika na mmoja Marekani. Walipokutana tena mwaka 1857, David alikuwa mtu wa sifa kuu, na Charles alikuwa mchungaji wa kawaida aliyemtazama kaka yake kwa mshangao. David akamwingiza katika safari ya Zambezi kuwa msaidizi wake, mpiga picha, na mwangalizi wa maadili ya wenzake.

Hapa ndipo kosa lilipoingia. David alimwamini Charles kwa sababu ni Charles, si kwa sababu alikuwa amemjaribu. Katika msafara ule neno la Charles lilipokewa kama ushahidi, na neno la mwingine likapokewa kama udhuru. Mwaka 1859 mchoraji Thomas Baines alituhumiwa kuiba vitu vya msafara, na katika tuhuma hizo Charles alikuwa na mkono mkubwa; Baines akafukuzwa, akaomba asikilizwe, asisikilizwe. Mwanajiolojia kijana Richard Thornton naye alifukuzwa mwaka huo huo kwa kuitwa mvivu, ilhali alikuwa mgonjwa. Mwaka 1860, walipokuwa safarini kuwarudisha Wamakololo makwao, ndugu hao wawili wenyewe waligombana vikali, na David akayaandika hayo kwa uchungu katika shajara yake. Mtu angedhani hapo macho yangefumbuka. Lakini heshima ya damu ilimfunga: kumkana Charles kungekuwa kukiri kwamba waliofukuzwa walidhulumiwa.

Sitaki msomaji adhani kwamba Charles alikuwa mtu mwovu. Alikuwa mgonjwa mara kwa mara katika nchi ngeni, amewekwa katika kazi aliyopewa kwa jina la ukoo wake, kazi ambayo pengine hakuna mtu angaliiweza. Mwaka 1863 maradhi ya kuhara yalimlazimu kurudi Ulaya. David alipoandika kitabu cha safari ile, kilichotolewa mwaka 1865, alitumia pia maandishi ya mdogo wake na kuyaweka majina yao mawili pamoja mwanzoni mwa kitabu. Huo nao ulikuwa wema wa kaka. Baadaye Charles alikuwa balozi mdogo wa Uingereza katika kisiwa cha Fernando Po. Alikufa kwa homa mwezi wa Oktoba 1873, asionane tena na kaka yake, ambaye alikuwa amekwisha kumtangulia kwa miezi kama sita.

Sasa tuitazame jozi ya pili. Susi alikuwa mtu wa Shupanga, pale pale alipozikwa Mary Livingstone, naye aliajiriwa na msafara wa Zambezi kwa kazi za meli. Chuma alikuwa Myao, mtoto aliyetiwa utumwani, akakombolewa mwaka 1861 katika milima ya Shire na Livingstone pamoja na Askofu Mackenzie. Mwaka 1864 wote wawili walivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay katika meli ndogo iitwayo Lady Nyassa, safari ya siku 45, na Livingstone mwenyewe ndiye nahodha. Huko Bombay Susi alifanya kazi bandarini, na Chuma akatiwa shuleni, akabatizwa jina la James.

Mwezi wa Machi 1866 walirudi Afrika pamoja na Livingstone. Alitaka tena kuingia kwa mlango wa Ruvuma, lakini matope na mikoko havikumpa nafasi ya kushusha wanyama wake. Basi wakarudi kaskazini hadi Mikindani. Msafara ulioshuka pale ulikuwa wa watu wa kila namna: askari wa Kihindi 13, watu wa Nzwani 10, vijana 9 waliolelewa katika shule ya Nassick huko India, watu 2 wa Shupanga, yaani Susi na Amoda, na vijana 2 wa Kiyao, yaani Chuma na mwenzake Wekatani. Wanyama walikuwa ngamia 6, nyati wa Kihindi 3 na ndama wao, nyumbu 2 na punda 4. Mwezi wa Aprili waliondoka, wakashika njia ya bonde la Ruvuma.

Msafiri aliyesimama Mikindani siku ile asingeweza kuwatambua viongozi. Wenye bunduki na sare walikuwa askari, na wenye elimu walikuwa vijana wa Nassick. Lakini njia ina namna yake ya kuchagua. Askari waliwatesa wanyama na kulegeza mwendo, wakarudishwa pwani kabla ya kufika ziwani. Watu wa Nzwani waliondoka mwezi wa Septemba, na mkuu wao Musa akafika Unguja na habari ya uwongo kwamba Livingstone ameuawa. Wekatani alikutana na jamaa zake karibu na ziwa Nyasa, akabaki nao. Wala hatuwezi kumlaumu mtu aliyewaona watu wa kwao baada ya utumwa. Chuma aliendelea. Tangu hapo, kila ukurasa wa habari za safari ile wataja majina mawili pamoja kama yaliyofungwa kwa kamba moja: Susi na Chuma.

Wala wasifanywe malaika. Mwezi wa Aprili 1868, Livingstone alipotaka kwenda ziwa Bangweulu, wengi wa watu wake walikataa, na Susi na Chuma walikuwa miongoni mwao. Walikuwa wamechoka. Livingstone mwenyewe alikiri kwamba hakuweza kuwalaumu sana, kwani naye amechoka. Na aliporudi, mwezi wa Novemba, akawapokea tena. Jambo hili vitabu vingi vya sifa hulipita upesi, lakini mimi naona ndilo lenye faida. Mtumishi asiyeweza kukataa, uaminifu wake hauna kipimo. Hawa waliweza kukataa, wakakataa, kisha wakarudi kwa hiari. Miaka miwili baadaye, mwezi wa Juni 1870, katika nchi ya Manyema, wengine walipoacha tena, Livingstone aliondoka na watu 3 tu: Susi, Chuma na Gardner.

Livingstone alikufa katika kijiji cha Chitambo, nchi ya Ilala, mwanzoni mwa Mei 1873. Msomaji na aifikirie hali ilivyokuwa. Watu wapatao 60 wako katikati ya bara, masika hayajakauka, mkuu wao amekufa, na maiti ya mgeni ni jambo la kuogopwa katika kila kijiji. Hapakuwa na mzungu wa kuamuru wala kulipa. Njia rahisi ilikuwa kumzika palepale na kila mtu kushika njia yake. Walikaa shauri, wakakubaliana mambo mawili: kwamba maiti itapelekwa pwani, na kwamba Susi na Chuma, wazee wa safari, ndio watakaoongoza. Cheo hicho hawakupewa na Livingstone. Walipewa na wenzao, yaani na watu waliowaona kwa miaka mingi katika njaa na ugonjwa. Huo ndio uteuzi nilioutafuta kwa ajili ya mwanafunzi wangu.

Kazi ikagawanywa kwa akili. Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari huko Unguja, aliupasua mwili. Moyo na matumbo yakazikwa chini ya mti, na Jacob Wainwright, kijana wa Nassick, akasoma sala na kuchonga maandishi kwenye gome. Mwili ukatiwa chumvi, ukaanikwa kwa siku 14, ukafungwa kwa nguo, kwa gome la mti na kwa turubai. Chifu Chitambo, alipopata habari waliyotaka kumficha, hakuwadhuru bali aliwatendea wema. Ndipo wakaanza safari ya zaidi ya maili 1,000 ambayo iliwachukua miezi tisa.

Katika safari hiyo nitataja mambo mawili tu. Walipokaribia Unyanyembe walisikia kwamba kuna msafara wa Waingereza. Chuma akatangulia na watu wachache, akichukua barua iliyoandikwa na Wainwright, na Susi akabaki na maiti na umati wa watu. Chuma alifika Unyanyembe mwezi wa Oktoba 1873. Jambo hili ni dogo katika maandishi, lakini katika njia ni kubwa. Aliyebaki angaliweza kudhani kwamba mwenziwe, akifika penye nguo na chakula na wazungu, hatajali tena. Aliyetangulia angaliweza kuhofu kwamba nyuma yake watu watatawanyika. Hawakuwa na namna ya kupelelezana. Walikuwa na imani tu, tena imani iliyokwisha kujaribiwa.

Luteni Cameron, mkuu wa msafara ule, aliwashauri wamzike Livingstone hapohapo, kwa kuwa njia ya mbele ina hatari. Walikataa. Mbele, karibu na Kasekera, wenyeji walizuia maiti isipite. Basi wakafunga mabua ya mtama yakafanana na maiti, wakawatuma wenzao warudi nayo mchana, machoni pa watu, kana kwamba wanakwenda kuzika Unyanyembe. Na mwili wenyewe wakaufunga upya ukafanana na mtumba wa bidhaa. Waliobeba mabua wakayatupa msituni, wakarudi kwa siri. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wakimsuta anayeona mzigo wa mwenziwe kuwa mwepesi. Hapa mzigo wa mwenzao waliujua uzito wake, wakaugawana.

Walifika Bagamoyo mwezi wa Februari 1874. Walipewa ujira wao, wakaachwa. Livingstone alipozikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874, Wainwright alikuwapo, lakini Susi na Chuma hawakuwapo. Walifika Uingereza baada ya maziko, kwa gharama ya James Young, rafiki wa marehemu, wakamsaidia Horace Waller kuzitayarisha shajara za mwisho za Livingstone kwa kupigwa chapa mwaka ule. Walikaa pia Newstead Abbey, nyumba ile ile ambayo David alikaa akiandika kitabu chake na mdogo wake, wakajenga huko mfano wa kibanda alimofia. Katika kitabu cha 1865 majina mawili ya ndugu yaliwekwa mbele kwa sababu ya damu; katika kitabu cha 1874 majina ya Susi na Chuma yalibaki ndani, katika maneno ya mtu mwingine. Waliyoyasema yametufikia kwa kalamu ya Waller na kwa Kiingereza chake. Kwetu sisi tunaosoma na kufundisha Kiswahili, hiyo ni hasara isiyolipika. Na hapana budi tumsomapo Waller tukumbuke kwamba aliwaandikia wasomaji waliotaka kusikia habari za watumishi.

Maisha yao ya baadaye yalisahihisha neno hilo. Chuma alikuwa mkuu wa misafara. Mwaka 1875 alimwongoza Askofu Edward Steere, bingwa yule wa Kiswahili, kutoka Lindi hadi kwa Mataka katika Uyao, katika juhudi zilizofuatwa mwaka 1876 na kuanzishwa kwa makazi ya watu waliokombolewa utumwani huko Masasi, ambayo leo imo katika mkoa wa Mtwara. Miaka ya 1879 na 1880 aliuongoza msafara wa Joseph Thomson hadi maziwa makuu. Alikufa Unguja mwaka 1882. Susi alikwenda Kongo na Stanley, akawa miongoni mwa wakuu wa kazi yake, akarudi Unguja, akabatizwa jina la David mwaka 1886, akafa mwaka 1891. Njia zao ziliachana, wala hilo si dosari. Ndugu wakubwa hawalali chumba kimoja.

Hukumu yangu basi ni hii. David na Charles walifanana kwa wazazi, kwa dini, kwa wito na hata kwa jina. Lakini imani iliyotolewa bure kwa sababu ya mfanano huo iliwadhulumu wengine, na mwisho haikuwafaa wao wenyewe. Susi na Chuma hawakufanana kwa lolote. Imani yao ilizaliwa katika safari, ikapita katika kukataa na kurudi, ikawa na nguvu ya kubeba maiti na kuongoza watu. Damu si kitu kibaya. Lakini damu ni dai, na kufaana ni ushahidi; mwenye kulitumia dai mahali pa ushahidi hudhulumu, awe mkuu wa msafara au mkuu wa ofisi.

Mwaka 1886 Wajerumani na Wareno walipatana kuufanya Ruvuma mpaka, na watu wa ukoo mmoja wakajikuta chini ya dola mbili. Mwaka 2010 lilifunguliwa daraja huko Negomano, likaitwa Daraja la Umoja. Jina ni zuri. Lakini wenyeji wa kingo zote mbili walikwisha kuvuka kwa mitumbwi muda wote huo, kwenda kuzikana na kuozana, kabla ya daraja na licha ya mpaka. Mwanafunzi wangu alitoka katika watu hao. Nikimkuta tena nitamwambia kwamba Susi na Chuma walikuwa viongozi kwa sababu waliokuwa nao ndio waliowachagua. Na kwamba walikuwa ndugu, ingawa hakuna mama aliyewazaa pamoja.